Kufunga kihisi cha mwinamo kisichotumia waya: mteremko, ukuta na mvua za Elgon

Kihisi cha mwinamo ni kisanduku kinachojua jambo moja tu: chini ni upande upi. Ndani yake mna kijipande kinachopima mvuto wa dunia kwenye mihimili miwili au mitatu. Kisanduku kikiinama, mvuto unagawanyika upya kwenye mihimili hiyo, na hesabu fupi inaugeuza mgawanyo huo kuwa digrii. Redio ndogo iliyomo humo hutuma digrii hizo hadi kwenye kipokezi kilichoko ng'ambo ya bonde, kipokezi huzipeleka kwenye intaneti kwa laini ya simu, na mtu aliyeko Mbale au Kampala anazisoma akiwa mezani kwake. Hakuna mtaro wa kuchimba wala waya wa kuvuta.

Mwongozo huu ni wa mafundi, wahandisi wa wilaya, walimu wakuu wenye ukuta wa mawe nyuma ya madarasa, na vikundi vya vijiji vya miteremko ya Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda: Bududa, Bulambuli, Sironko, Manafwa, Namisindwa. Kwa nini huko, wenyewe wanajua. Tarehe 1 Machi 2010 udongo uliifukia Nametsi, Bududa, na mamia ya watu wakafa au wakapotea. Oktoba 2018 ikawa Bukalasi. Novemba 2024 ikawa Masugu, Bulambuli. Wala si mlimani pekee: tarehe 10 Agosti 2024 lundo la taka la Kiteezi, kaskazini mwa Kampala, liliporomokea nyumba na kuua zaidi ya watu 30.

Kihisi hakizuii kitu kuporomoka. Kinachokupa ni muda, pengine siku kadhaa, pengine dakika za kutosha kuwatoa watoto darasani. Na hata muda huo unategemea ulivyokifunga, kwa sababu kihisi husimulia habari za kile kilichokishika, basi. Ukikikaza kwenye lipu iliyoanza kubambuka, kitakuletea habari za lipu. Ukikisimika kwenye udongo uliolimwa juzi, utapata habari za jembe.

Kile ambacho hakitakiona

Fahamu upofu wake kabla hujatoa pesa. Kihisi huona kuinama tu. Ukuta unaosukumwa mbele ukiwa wima, kama droo inayovutwa, haujainama hata kidogo, na kihisi kitaendelea kusema mambo ni shwari. Vilevile bonge la udongo likiteleza sambamba na mteremko bila kugeuka, digrii hazibadiliki.

Kwa hiyo kila kihisi kipewe mwenzake wa bei rahisi. Palipo na ufa ardhini, gonga vigingi viwili vya nondo, kimoja kila upande wa ufa, na upime umbali kati yao kwa tepu kila juma siku ile ile. Kwenye ukuta, misumari miwili ya zege inatosha. Ongeza na kipima mvua, hata kama ni kopo lenye pande zilizonyooka na rula ndani yake, maana kwenye udongo wa Elgon maji ndiyo huanzisha mambo, na namba za mwinamo bila namba za mvua ni hadithi iliyokatwa nusu.

Kabla ya kununua

Anza na masafa ya redio, kwa kuwa hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Uganda iko Kanda ya 1 katika mgawanyo wa kimataifa wa masafa, pamoja na Afrika yote na Ulaya. Vihisi vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani hutuma kati ya MHz 902 na 928. Huku kwetu, sehemu ya masafa hayo, hadi 915, ni ya simu za mkononi zinapozungumza na mnara. Agiza aina ya 868. Kisha uliza Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, kuhusu idhini ya kifaa hicho hasa, na uulize kabla mzigo haujafika Entebbe.

Jambo la pili ni usahihi. Wauzaji hupenda kuandika namba ndogo kuliko zote, ile ya badiliko dogo kabisa linaloweza kuonekana kwenye kioo. Wewe tafuta namba mbili nyingine: kihisi kinarudia jibu lile lile kwa tofauti gani, na jibu linahama kiasi gani joto likipanda kwa nyuzi moja. Ili ujue unahitaji nini, kumbuka kwamba digrii 1 kwenye urefu wa mita 1 ni milimita 17.5. Digrii 0.1 ni milimita 1.75, na digrii 0.01 haifiki hata milimita 0.2. Ukuta wa mita 3 ukiinama kwa digrii 0.1 kutoka msingini, kichwa chake kimesogea milimita 5 hivi, na hakuna jicho litakaloona. Kwa kazi ya ukuta na mteremko, tafuta kihisi kinachorudia jibu ndani ya digrii 0.01. Vile vya bei ya chini vya kujulisha kwamba pipa limepinduka au mfuniko umefunguliwa viache vifanye kazi yake huko.

Sanduku liwe na alama ya IP67 au zaidi, yaani lisiloingiza vumbi wala maji. Betri nyingi za vifaa hivi ni za lithiamu za volti 3.6, zisizochajiwa. Ile kubwa, yenye umbo la betri nene ya tochi, hubeba kati ya ampea-saa 17 na 19, na ile ndogo huwa na 2.5 hivi. Ndogo inafanana kabisa na betri ya redio ya kawaida ya volti 1.5, na mtu akiipachika kwenye redio yake ataiunguza. Waambie hivyo wote watakaokuwa karibu na kifaa. Betri iliyokaa ghalani muda mrefu hujivika utando ndani, na mara ya kwanza unapoiwasha volti huanguka kidogo. Usiitupe. Acha kihisi kitume mara kadhaa na utaona inaamka.

Jaribio la mezani

Usipande mlima na kifaa ambacho hujakipima nyumbani. Jaribio lenyewe linahitaji ubao ulionyooka wa mita 1, karatasi za kawaida za fotokopi, pima maji na muda wa jioni moja.

Weka kihisi mezani, subiri dakika chache, andika jibu. Kigeuze nyuma mbele, yaani nusu duara, pale pale kilipokuwa, na uandike tena. Tuseme kwanza kilisema +0.32 na kilipogeuzwa kikasema −0.20. Jumlisha, gawanya kwa mbili: 0.06. Hilo ni kosa la kihisi chenyewe. Kinachobaki, 0.26, ni mwinamo wa meza yako. Kosa la 0.06 halina madhara ukishalijua, kwa kuwa kazi yetu ni kufuatilia mabadiliko. Kosa linalobadilika kila ukirudia jaribio ndilo la kurudishia muuzaji.

Sasa funga kihisi katikati ya ubao, kiwe kinatazama urefu wake. Rimu ya karatasi 500 ina unene wa sentimita 5 hivi, kwa hiyo karatasi 10 ni takriban milimita 1. Ziingize chini ya ncha moja ya ubao. Kihisi kiongeze au kipunguze digrii 0.057. Zitoe, na kirudi kilikotoka. Fanya hivyo mara kadhaa. Hatimaye kiache hapo usiku kucha, kikituma kila baada ya dakika 10, na asubuhi uangalie jibu limehama kiasi gani wakati nyumba ilipopoa. Namba hiyo iandike kwenye daftari, utaihitaji.

Mahali pa kukiweka

Kazi inasimama au inaanguka hapa, kwa hiyo usiharakishe. Tembea mteremko wote na mtu anayeulima. Anajua ni wapi maji hutoka kila Aprili, ni wapi chemchemi mpya imetokea, ni nyumba gani mlango wake umeanza kukwama. Tafuta nyufa zilizopinda mithili ya mwezi mwandamo juu ya mteremko, migomba au miti iliyoinama upande mmoja, na ardhi iliyovimba huko chini. Ufa wa mwezi mwandamo ni mpaka: chini yake ni udongo unaotaka kuondoka, juu yake ni ule unaobaki.

Nguzo ya kwanza ya kufungia kihisi iwe ndani ya udongo unaotaka kuondoka, mita chache chini ya ufa. Ya pili iwe karibu na mguu wa mteremko, pale ardhi inapovimba. Ya tatu, ambayo watu wengi huiacha kwa kubana matumizi, iwe nje kabisa ya eneo la hatari, kwenye mwamba au ardhi iliyotulia. Hiyo ni shahidi. Vihisi vyote vitatu vikisogea pamoja mchana jua likiwaka, ni joto. Viwili vikisogea na shahidi akatulia, ni udongo.

Usitarajie kwamba udongo unaoporomoka lazima uinamie bondeni. Bonge likiteleza juu ya uso uliopinda kama bakuli, sehemu yake ya juu hugeuka na kulalia nyuma, kuelekea mlimani. Aliyepanga tahadhari ilie kwa mwinamo wa mbele peke yake hatasikia chochote. Hesabu ukubwa wa badiliko, upande wowote ule.

Kwa ukuta wa kushikilia udongo, funga kihisi kwenye theluthi ya juu, lakini usiguse mawe ya kichwani, kwa maana hayo hucheza yenyewe. Ukuta mrefu upewe vihisi viwili kwa wima, kimoja juu na kimoja katikati. Vikisema namba zilezile, ukuta unainama mzima kutoka msingini. Cha juu kikizidi, ukuta unapinda tumboni, na hapo kwanza angalia matundu ya kutolea maji: mara nyingi yameziba kwa matope.

Kabla ya jembe la kwanza

Ongea na mwenye shamba na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kabla hujagonga chochote. Katika Uganda, nguzo ya chuma iliyochomekwa kwenye shamba la mtu ina maana moja tu kichwani mwa wengi: kuna anayepima ardhi ili aichukue. Swali utakaloulizwa ni "Mwanangu, hii nguzo ni ya nani?", na jibu la "ya mradi" halimtulizi mtu. Mweleze mzee kazi ya kifaa, mwonyeshe kikiinamishwa namba zinavyobadilika kwenye simu, mwambie wazi kwamba hakipimi mipaka, na muandikiane karatasi fupi. Mpe mwenye shamba nafasi ya kuwa mmoja wa watakaopokea ujumbe wa tahadhari. Nguzo iliyolindwa na mwenye shamba hukaa miaka. Iliyowekwa kwa amri kutoka wilayani hung'olewa wiki ya pili, na ni haki yao.

Kusimika nguzo kwenye udongo

Chukua paipu ya chuma iliyopakwa zinki, ya inchi moja na nusu, urefu wa mita 1.5. Kata ncha ya chini iwe kali. Igonge ardhini kwa nyundo nzito ukiwa umeweka kipande cha mbao juu ili kichwa kisipasuke, na kila baada ya sentimita 20 angalia wima kwa pima maji pande mbili. Iingie mita 1.2, ibaki sentimita 30 juu. Ukikuta jiwe njiani, hamia pembeni, kwani nguzo iliyosimama juu ya jiwe itacheza na jiwe hilo.

Kuna mazoea ya kumwaga zege kubwa kuzunguka nguzo ili iwe imara. Mimi siyapendi. Bonge la zege lina uzito wake, huzama lenyewe udongo ukilowa, na katika wiki za mwanzo husinyaa likikauka. Paipu iliyogongwa kwenye udongo mzima inafuata udongo, na hilo ndilo tunalolitaka. Zege liache kwa nguzo ya shahidi, ikiwa mwamba uko karibu.

Udongo mwekundu wa huku huvimba ukinywa maji na kusinyaa kiangazi, hasa ganda la juu. Ili ganda hilo lisisukume nguzo, chimba sentimita 30 kuzunguka, vika paipu kubwa ya plastiki kama soksi, na uache nafasi wazi kati ya chuma na plastiki. Funika juu mvua isijae humo. Fanya nguzo iwe fupi kadiri redio inavyoruhusu, sababu mbuzi hupenda kujikuna kwenye chochote kilichosimama, na mbuzi mmoja anayejikuna anaweza kuandika kwenye kioo chako maporomoko ambayo hayapo. Uzio wa miiba hutosha.

Kukifunga ukutani

Bandua lipu kwa tindo mpaka ufikie jiwe au zege lenyewe, eneo la ukubwa wa kiganja na nusu. Piga brashi ya waya, futa vumbi. Tumia bamba la chuma lenye matundu matatu, usipende manne: vituo vitatu hukaa vyote kwa pamoja, vinne huacha kimoja kinaning'inia na bamba linajipinda ukikaza. Toboa kwa drili ya nyundo, puliza vumbi nje ya tundu, ingiza bolti za kupanuka za milimita 8. Kwenye mawe yanayomeguka, tumia gundi ya epoksi ya kujengea badala yake na uipe siku nzima ikauke.

Kaza kwa nguvu ya wastani, zamu kwa zamu, kama unavyokaza nati za gurudumu. Bamba lililokazwa kupita kiasi linaachia taratibu kwa wiki kadhaa, na kule kuachia kutaonekana kwenye namba kana kwamba ni ukuta.

Mshale wa X wa kihisi uelekee mbele, kule ukuta utakakoangukia. Kwenye mteremko uelekee bondeni kabisa. Tumia timazi kuhakikisha bamba liko wima. Haihitaji kuwa sifuri kamili, lakini kihisi kifungwe karibu na sifuri, ndani ya digrii chache, kwani huko ndiko kinakosoma vizuri zaidi. Piga picha ya mshale, ya bamba, na ya mandhari nyuma yake. Baada ya mwaka hakuna atakayekumbuka X ilikuwa upande gani.

Ongeza kivuli. Kipande cha bati kilichopindwa, kikiacha nafasi ya vidole viwili ili hewa ipite, hupunguza kuhama kwa namba za mchana kuliko marekebisho yoyote ya kompyuta.

Redio, antena na umeme wa kipokezi

Antena isimame wima, isiguse chuma, isizibwe na paipu. Mfumo wa LoRa, unaotumiwa na vihisi vingi vya aina hii, husikika mbali sana palipo wazi, lakini Bududa hapako wazi: kuna migongo ya mlima, na kuna migomba. Majani mapana yaliyolowa hunywa mawimbi. Ukijaribu Februari na ukafurahi, Mei utashangaa. Kwa hiyo acha akiba. Kipokezi kikionyesha nguvu ya mawimbi chini ya dBm −110, hata kama ujumbe unafika, tafuta namna ya kuboresha: inua antena ya kipokezi juu ya paa la shule au kanisa, au kihamishie mgongo wa ng'ambo unaoutazama mteremko. Mawimbi dhaifu pia yanakula betri, kwani kihisi hulazimika kutuma polepole, na kila ngazi ya upole takriban inazidisha mara mbili muda wa kutuma.

Umeme wa kipokezi upange kana kwamba gridi haipo, kwa maana usiku wa mvua kubwa ndio unaokatika. Kipokezi cha wati 5 kinahitaji wati-saa 120 kwa siku. Siku tatu za mawingu ni 360. Betri ya lithiamu ya volti 12 yenye ampea-saa 40 inabeba hizo ikiwa na akiba. Ukitumia ya asidi, chukua 60 au zaidi, kwa kuwa haifai kuishusha chini ya nusu. Paneli ya wati 80 au 100 inatosha hata msimu wa mvua. Weka laini ya simu ya mtandao unaoshika vizuri hapo hapo, si ule unaoshika Mbale mjini, na bando la data lisiloisha katikati ya mwezi.

Radi ni jambo la kuheshimu. Tororo, jirani tu, iliingia kwenye vitabu vya rekodi kwa kuhesabiwa siku 251 za ngurumo kwa mwaka kati ya 1967 na 1976. Mlingoti wa kipokezi upewe waya mnene wa shaba hadi kwenye fimbo ya ardhini, usifungwe kwenye mti uliosimama peke yake, na ngurumo ikisikika, teremka ngazini.

Kuwasha na kusajili

Sehemu hii ni fupi kuliko watu wanavyoiogopa. Kila kihisi kina namba yake na ufunguo wake wa siri, vimeandikwa kwenye karatasi au msimbo wa QR ndani ya sanduku. Visajili kwenye programu ya kipokezi ukiwa ofisini palipo na intaneti nzuri, kisha uwashe kihisi, vingine kwa sumaku, vingine kwa kitufe. Kipe jina la mahali, mfano "Ukuta wa shule, juu, kushoto". Namba za kiwandani hazimsaidii mtu aliyeamshwa usiku. Panga kitume kila saa wakati wa kawaida na, ikiwa kifaa kinaruhusu, kila dakika 10 kinapogundua badiliko.

Wiki za mwanzo, usiamini kitu

Udongo uliogongwa unajipanga upya, gundi inakauka, bolti zinatulia. Acha siku kumi hivi zipite kabla hujaweka sifuri, yaani namba ya kuanzia, kisha kusanya namba kwa wiki nyingine mbili au tatu bila kuwasha tahadhari. Utaona wimbi la kila siku: namba zinapanda hadi saa 8 mchana, zinashuka usiku. Hilo ni jua. Linganisha siku kwa siku kwa kutumia namba za saa 10 alfajiri, wakati kila kitu kimepoa. Ukizipanga zile za alfajiri peke yake, mchoro unanyooka, na mwendo wa kweli unajitokeza.

Ukiweza, funga mwezi wa Januari. Utaanza Machi, mvua zinapoingia, ukiwa na mchoro wa kiangazi wa kulinganishia.

Lini kengele ilie

Namba ya mwinamo wote haisemi mengi. Mteremko unaweza kuinama digrii 2 kwa mwaka mzima na kutulia. Kasi ndiyo husema. Taro Uchimura na wenzake nchini Japani, waliofunga vihisi vya namna hii kwenye miteremko mingi, walipendekeza hatua mbili: mwinamo ukienda kwa digrii 0.01 kwa saa, uwe macho. Ukifika digrii 0.1 kwa saa, watu watoke. Ni mahali pazuri pa kuanzia. Lakini rudi kwenye daftari lako la jaribio la mezani: ikiwa kihisi chako kinahama 0.03 kwa joto la usiku peke yake, kengele ya 0.01 kwa saa inaweza kulia bure kila joto likibadilika haraka, na mwishowe hakuna atakayeisikiliza. Tumia wastani wa saa kadhaa kwa hatua ya kwanza, dai vipimo vitatu mfululizo, na ulinganishe na shahidi na mvua. Hatua ya pili isisubiri chochote.

Amua pia kimya kina maana gani. Kihisi kisichotuma kwa saa tatu wakati wa mvua kubwa ni tahadhari. Pengine betri imekwisha, pengine kimefukiwa.

Nani anaamshwa

Ujumbe unaokwenda kwa mhandisi wa Kampala peke yake haufai kitu. Wa kwanza kupokea awe mwenyekiti wa LC1, mwalimu mkuu na mwenye shamba, kwa simu inayolia, maana ujumbe wa maandishi husomwa asubuhi. Kisha afisa wa maafa wa wilaya, anayewasiliana na Ofisi ya Waziri Mkuu, na tawi la Msalaba Mwekundu. Mnara wa simu unaweza kuzimika, kwa hiyo kipokezi kiunganishwe na king'ora cha hapo hapo kinachotumia betri ile ile. Penye ngoma, kengele ya kanisa au kipaza sauti cha msikiti, navyo viingie kwenye mpango.

Maneno ya ujumbe yaandikwe mapema, kwa Lumasaaba na kwa Kiswahili, na yaseme la kufanya: "Mteremko wa juu ya shule unasogea. Tokeni sasa kwa njia ya kanisani. Msivuke mto." Katika Bukalasi mwaka 2018 tope na mawe vilifuata mto na kuwakuta watu waliokuwa mbali na mteremko wenyewe, kwa hiyo sentensi ya mto isiachwe. Fanyeni zoezi mara moja kabla ya mvua za Machi na mara moja kabla ya zile za Septemba, tena moja liwe la usiku.

Kukitunza

Kila miezi mitatu safisha kivuli, fyeka majani, angalia miiba ya uzio, zibua matundu ya ukuta, na soma volti ya betri. Mchwa hupenda joto la masanduku. Kama kuna tundu la waya, lizibe kwa silikoni. Ikiwa namba zimeruka ghafla kwa digrii nzima kisha zikatulia kabisa kwenye nafasi mpya, kwanza mtume mtu akaangalie kama nguzo imegongwa na ng'ombe au imeegemewa. Udongo huanza polepole na kuongeza kasi. Kirukacho mara moja na kutulia kwa kawaida kimegongwa. Lakini aende akiwa amekwisha kuwaarifu walio chini.

Betri ibadilishwe siku kavu, asubuhi. Andika namba kabla hujafungua mfuniko, na tena saa moja baada ya kuufunga. Kufungua skrubu tu kunaweza kukisogeza kihisi kwa digrii 0.05, na tofauti hiyo usiposahihisha kwenye programu, mchoro wote wa nyuma utakuwa umekatika pale. Kihisi kikibadilishwa kizima, acha bamba lake mahali pake na urudie zile wiki za mwanzo za kutoamini.